Daraja la magazeti na somo la kudai haki kwa amani: kidato cha pili, wanafunzi 60

MwalimuRau (Moshi)

Habari za leo walimu wenzangu na wadau wote. Wakubwa shikamooni.

Nina vipindi vinne vya dakika 40 na klabu ya kidato cha pili, viwili viwili vimeshikana, wanafunzi 60. Mada ni kudai haki kwa njia ya amani. Nataka waifikie kwa mikono kwanza: wajenge daraja la mfano, ndipo tuzungumze. Vifaa viwe vile vinavyopatikana hapa mjini bila kumchangisha mzazi hata shilingi: magazeti ya zamani, unga wa ngano, waya kidogo, ndoo.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza vipimo kamili, maana "jengeni daraja" bila vipimo ni kupoteza kipindi. Pili, namna ya kulifunga daraja na mada, kwa sababu zoezi hili kwa kawaida huishia kwenye mashindano ya kilo, na neno amani linabaki ubaoni peke yake. Tatu, mifano ya historia inayosimama yenyewe, na namna ya kumweleza mkuu wa shule ambaye akisikia "maandamano" anafunga daftari.

FundiKenchi (Sakina, Arusha)

Mwalimu, umefanya vizuri kuchagua magazeti. Tambi hukatika mkononi kabla hazijafika kwenye daraja, na vijiti vya aiskrimu kwa watoto 60 ni gharama. Gazeti likikunjwa vizuri linakuwa mwanzi.

Gawa darasa kwenye madaraja matano, watu 12 kila daraja: sita ng'ambo hii, sita ng'ambo ile. Umbo liwe kenchi ya pembetatu, ile ile wanayoiona kwenye paa za nyumba, ila hapa zinasimama mbili sambamba na kuunganishwa. Kila upande wa pembetatu ni sm 20 kutoka tundu hadi tundu. Mstari wa chini una hatua tano, yaani sm 100. Nimechagua tano kwa makusudi: kila ng'ambo inajenga hatua mbili, ya tano iliyo katikati haina mwenyewe. Haiwezi kujengwa na upande mmoja.

Hesabu yake ni hii. Kila nusu inahitaji vipande 14 vya kenchi (saba kila kenchi), vitano vya kukingama vinavyounganisha kenchi mbili, na vitatu vya mshazari vya kuzuia daraja lisijisokote. Sehemu ya katikati inahitaji vipande 10 vya kenchi, kimoja cha kukingama juu na vitatu vya mshazari. Jumla kwa daraja zima ni vipande 49 vifupi na tisa vya mshazari. Kifupi unakikata sm 24, unatoboa sm 2 kutoka kila ncha, zinabaki sm 20 kati ya matundu. Cha mshazari kina sm 28.3 kati ya matundu, kwa hiyo kata sm 32.3. Watoto wa kidato cha pili wanaweza kuipata 28.3 wenyewe kwa Pythagoras, waachie.

Mirija: chukua karatasi moja ya gazeti iliyofunguka, ile yenye kurasa mbili zilizoshikana. Anzia pembeni, kona kwa kona, izungushe kwenye waya mnene ulionyooka, mrefu kuliko mrija, ikaze, paka gundi kwenye kona ya mwisho, chomoa waya. Ncha zote mbili huwa laini kwa sababu karatasi pale ni chache; zikate mpaka ubaki na mrija wa sm 60 hivi. Mrija mmoja unatoa vifupi viwili, au cha mshazari kimoja na kifupi kimoja. Mirija 29 inatosha daraja moja, weka 32 kwa sababu kuna itakayoharibika. Gazeti la kurasa 32 lina karatasi nane, hivyo ni magazeti manne kwa daraja, 20 kwa darasa zima.

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Koroga unga kwenye maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke jikoni na uendelee kukoroga hadi uwe uji mzito unaong'aa kidogo. Ukimwaga unga kwenye maji yanayochemka utapata mabonge na mrija hautashika. Gundi hii inachacha baada ya siku mbili. Mirija ikauke usiku kucha; miezi ya baridi, Juni na Julai, ipe siku mbili. Mrija wenye unyevu ukiubana unaacha alama ya kidole, huo bado. Kwa hiyo kazi ya kukunja haiingii kwenye vipindi vyako: ifanyike siku mbili kabla, tatu miezi ya baridi; watu 12 wanakunja mirija 32 kwa dakika kama 20.

Viungo: bapisha sm 2 za mwisho za kila kipande, toboa kwa msumari, pitisha waya mwembamba wa kufungia nondo, sm 15 kwa kila kiungo. Kenchi mbili zina viungo 22, kwa hiyo mita 3.3 kwa daraja, chini ya mita 17 kwa madaraja yote. Ncha za waya zikunjwe ndani kwa plaizi, zisichome mtu.

Sasa yanayoharibika, na sababu zake.

La kwanza ni rula. Rula nyingi za shule zina nafasi ya milimita chache kabla ya sifuri. Mmoja akipima kuanzia sifuri na mwingine kuanzia ukingo wa rula, kila kipande kinatofautiana kwa hizo milimita, na kwenye hatua mbili tofauti inajikusanya. Sehemu ya katikati ikija, matundu hayaonani. Usiwaonye mapema. Kosa hili litakuja lenyewe, na ni kosa lile lile la mafundi wakubwa: mwaka 2003 pale Laufenburg, Ujerumani na Uswisi walijenga daraja juu ya mto Rhine, kila nchi ikianzia upande wake. Walijua kwamba hawahesabu usawa wa bahari kutoka mahali pamoja. Ujerumani huhesabu kutoka Bahari ya Kaskazini, Uswisi kutoka Mediterania, tofauti yake sm 27. Marekebisho yakafanywa, lakini kuelekea upande usiofaa. Badala ya kuifuta tofauti wakaifanya maradufu, zikawa sm 54 kati ya ncha na ncha. Ilibidi upande mmoja urekebishwe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kipimo chake.

La pili ni mahali daraja linapokaa mezani. Achanisha meza sm 90, kila ncha iingie sm 5. Chini ya viungo vinne vya mwisho weka vibao vidogo, ili mzigo ushuke mezani kupitia kiungo. Bila vibao, ukingo wa meza unaugusa mrija katikati ya urefu wake na kuubonyeza, na daraja zima linaanguka kwa kosa ambalo si la kenchi.

La tatu ni mstari wa juu kupinda kwenda pembeni. Huo ndio mwisho wa kawaida wa daraja la aina hii. Mrija unaovutwa hustahimili sana, unaogandamizwa hupinda. Na ukirefushwa mara mbili, uwezo wake wa kubeba mgandamizo unashuka hadi robo. Ndiyo maana vipande ni sm 20 na mishazari ya juu hairukwi. Vikundi vingi vinairuka kwa sababu haionekani kuwa na kazi yoyote mpaka uzito uingie.

Kupima mzigo: weka vijiti viwili juu ya viungo vinne vya katikati kule chini, ning'iniza ndoo kwa kamba, iwe sm 5 tu kutoka sakafuni. Pima uzito wa ndoo tupu na uandike. Ongeza maji kwa chupa ya nusu lita, kila chupa ni nusu kilo. Baada ya kila chupa hesabu kumi kabla ya nyingine. Anayemimina haraka anapima mshtuko, hapimi uzito.

Na kuhusu swali lako la pili, nina neno moja tu, mengine nawaachia wenye fani. Lugha yetu imekupa zawadi. Nguvu inayovuta vipande vya chini vya kenchi tunaiita mvutano, na ugomvi wa watu wawili nao tunauita mvutano. Mwanzoni mwa kipindi wape vipande vinne vya boksi waviunge mraba kwa pini. Wausukume: unalala. Waongeze cha tano kona kwa kona: unakataa. Wakisukuma kwa upande unaokivuta, kile cha tano ndicho chenye mvutano ndani yake. Daraja lisilo na mvutano ni rundo la karatasi mezani.

Msale (Kibosho, Moshi)

Nashukuru sana kwa maelezo ya fundi hapo juu, na hiyo hoja ya mvutano ndiyo ningeanza nayo. Mwalimu, wengi wanafundisha amani kama ukimya. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba aliye na amani ni yule asiyelalamika. Kenchi inamfundisha kinyume: haikuondoa nguvu zinazopingana, imezipa njia ya kupita.

Ila zoezi la fundi likiachwa hivyo litakuwa la ufundi tu. Kitakacholigeuza kuwa somo ni kanuni ya mazungumzo. Ng'ambo mbili zisikae meza moja. Weka hata pazia au ubao katikati. Kila ng'ambo ichague mjumbe mmoja. Wajumbe wanakutana mara tatu, dakika tano kila mara: kabla ya kukata, baada ya hatua ya kwanza, na kabla ya katikati. Nje ya hapo hakuna kuongea kati ya ng'ambo. Kila mkutano unaacha karatasi yenye saini mbili. Mambo ya lazima kwenye karatasi ya kwanza ni sifuri ya rula iko wapi, upana kati ya kenchi mbili, upande wa ndani ni upi, na nani atalishika daraja siku ya kuunganisha. Usiwape orodha hii. Waandike wanachokiona muhimu, halafu upungufu uonekane wenyewe pale matundu yasipoonana.

Kitu cha kuangalia kwa makini: mjumbe anaporudi kwa wenzake. Hapo ndipo makubaliano yanapovunjika, na ni nadra kuvunjika mezani kwa wajumbe. Mjumbe amekubali kukata upya vipande sita, wenzake wamekwisha vifunga na waya. Wanamwona msaliti. Mpe mwanafunzi mmoja kila ng'ambo kazi ya kuandika maneno yanayosemwa dakika hiyo, bila majina. Maneno hayo ndiyo malighafi ya mjadala wako.

Wagawe kwa kuchota namba. Usiwagawe kwa kabila, dini, kata, wala bweni na kutwa. Kuna mwalimu atasema kwamba kuweka Wamachame huku na Wakibosho kule kutaleta uhalisia. Kutaleta utani unaogeuka, na hutaweza kuurudisha.

Kabla ya daraja, tumia dakika 15 kwenye jambo wanalolijua: mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Kundi la juu linasema "maji ni yetu Jumamosi yote", la chini linasema hivyo hivyo. Hayo ni madai. Uliza kila upande maji ni ya nini. Wa juu anataka asubuhi, amwagilie migomba kabla jua halijawa kali. Wa chini anataka ya usiku ajaze bwawa. Siku moja inawatosha wote. Mwanafunzi akiweza kutenganisha dai na haja iliyo nyuma yake, mikutano ya wajumbe itakuwa na maana. Ila waambie ukweli pia: kiangazi kikali maji hayatoshi usiku wala mchana, na hapo hakuna ujanja wa mazungumzo utakaoongeza maji. Hapo kinachohitajika ni haki ya mgao, na asiyepata ana haki ya kudai. Ukiruka hatua hii utawafundisha kwamba kila mgogoro ni kutoelewana tu. Si kweli.

Na kama una wanafunzi wa huku mlimani, lete jani la msale darasani, jani bichi. Mmea huo huo Wachagga wanaupanda kwenye mpaka wa kihamba (shamba la familia), na jani lake hilo hilo hupelekwa na anayeomba msamaha. Anayeletewa hapaswi kulikataa. Liweke mezani uwaulize kwa nini mmea wa mpaka ndio uwe mmea wa msamaha. Usijibu. Jani lina urefu wa mkono, limenyooka, lina ubaridi ukilishika, na mtoto akilishika anazungumza tofauti na akiwa ameshika kalamu. Kwa Wamaasai, nyasi mkononi nazo ni ishara ya amani, kwa hiyo walioko Arusha hawatakosa cha kuleta.

HistoriaNaUraia (Arusha)

Nitajibu swali la mifano. Ningeanza na wa nyumbani, tena ulio karibu mno: Ngare Nanyuki, upande wa Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa takriban Wameru 3,000 kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika silaha. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wakili aliyefanya nao kazi, Earle Seaton, alikuwa mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi hapo hapo Moshi. Hii ilikuwa miaka miwili kabla TANU haijazaliwa Julai 7, 1954, na Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza hilo mwaka 1955.

Waulize wanafunzi: vipande vya daraja hili ni vipi? Watu walioondolewa, michango, mkalimani wa sheria, mjumbe anayeaminika, na ng'ambo ya pili iliyo tayari kusikiliza. Kisha waambie kwamba ardhi haikurudi papo hapo. Ni muhimu. Kama mwanafunzi anadhani njia ya amani ina faida kwa sababu inashinda haraka, ataiacha siku ya kwanza isiposhinda.

Wa pili ni Selma, Alabama, nchini Marekani, kwa sababu pale daraja ni daraja kweli. Machi 7, 1965, watu kama 600 waliondoka Selma kwenda Montgomery, kilomita 87, kudai haki ya Weusi kupiga kura, baada ya kijana Jimmie Lee Jackson kupigwa risasi na askari Februari mwaka huo na kufariki. John Lewis na Hosea Williams walikuwa mbele. Daraja la Edmund Pettus limeinuka katikati, kwa hiyo unapolipanda huoni ng'ambo. Walipofika kileleni ndipo wakaona safu ya askari. Waliendelea kutembea. Walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Picha zilionyeshwa kwenye televisheni usiku ule ule.

Usiishie hapo, maana wengi huishia hapo. Siku mbili baadaye, Machi 9, Martin Luther King aliwaongoza tena hadi darajani. Mahakama ilikuwa imezuia maandamano kwa muda. Alisimama, wakapiga magoti, wakaomba, akawageuza wakarudi. Wapo wafuasi waliomkasirikia sana. Hapa ndipo mjadala wako wa kipindi cha nne: alikuwa ameogopa, au alikuwa analinda daraja lisivunjike kabla mzigo haujafika? Jaji Frank Johnson aliruhusu maandamano Machi 17, kwa sharti kwamba kwenye sehemu ya barabara yenye njia mbili wapite watu 300 tu. Waliondoka Machi 21 wakiwa zaidi ya 3,000, wakapunguza hadi 300 pale barabara ilipokuwa nyembamba, na Machi 25 wakaingia Montgomery wakiwa kama 25,000. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini Agosti 6 mwaka huo huo. Na daraja lenyewe lilipewa jina la jenerali aliyepigania upande uliotetea utumwa. Mwanafunzi mwenye fikra atakuuliza kama jina libadilishwe. Mwachie nafasi.

Kuhusu hatua: katika barua aliyoiandika akiwa jela Birmingham Aprili 1963, King alizitaja nne. Kukusanya ukweli, kujadiliana, kujitakasa, na kuchukua hatua. Katika barua hiyo hiyo alisema haogopi neno mvutano, kwamba upo mvutano usio na vurugu unaojenga. Fundi na Msale wameshakupa mlango wa kuingilia. Hatua ya tatu ndiyo huwa inarukwa, kama ile mishazari ya juu ya daraja. Nashville, James Lawson aliwafundisha wanafunzi wa chuo kwa miezi kabla hawajaenda, mwaka 1960, kukaa kwenye migahawa ya Wazungu pekee: walizoezwa kutukanwa na kusukumwa bila kujibu. Hawakutegemea upole wa moyo. Yalikuwa mazoezi.

Sisi wa Arusha tuna jambo la kuongeza, ingawa ni zito. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalitiwa saini hapa Agosti 4, 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya saa 24. Makubaliano ya Burundi nayo yalitiwa saini hapa Agosti 28, 2000, Mandela akiwa msuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, lakini makundi makubwa yenye silaha hayakuwa sehemu yake na vita viliendelea. Karatasi yenye saini ni kipande kimoja cha kenchi. Kwa kidato cha pili, eleza kwa upole na ujue kama kuna mtoto ambaye familia yake ilivuka.

MamaMlezi (Moshi)

Mwalimu, kuhusu mkuu wa shule. Mpelekee andalio la somo, karatasi moja, wiki nzima kabla, likiwa na mambo matatu: linaingia kwenye mada gani ya uraia na fizikia, vifaa havichangishwi, na zoezi linafanyika ndani ya darasa. Usilifiche neno maandamano. Liweke mahali pake pa kisheria. Katiba yetu ibara ya 18 inahusu uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukusanyika na kushirikiana na wengine, na sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko au maandamano. Mkuu akiona unafundisha utaratibu, mazungumzo yatakuwa mengine. Kisha malizia na kitu cha shuleni: wanafunzi waandike barua ya hoja kwa baraza lao kuhusu jambo dogo la kweli, kama foleni ya maji au muda wa kula bwaloni. Barua iwe na ukweli waliouhesabu wenyewe. "Foleni ni ndefu" si ukweli. "Jumatatu hadi Ijumaa tulihesabu, bomba moja kati ya matatu halitoi maji" ndiyo hoja. Ila kubaliana kwanza na mkuu kwamba barua itajibiwa kwa maandishi. Barua ya mtoto isiyojibiwa inamfundisha mgomo kuliko kitabu chochote.

Na zoezi la kutukanwa alilolitaja mwalimu wa historia, kwa umri huu usilifanye kwa matusi halisi. Tumia kusukumwa kwa foleni: mmoja anasimama, mwingine anajaribu kumpita, aliyesimama anajifunza kusema sentensi moja kwa sauti ya kawaida na kubaki mahali pake. Dakika mbili, kisha wabadilishane. Anayelia au kukasirika anatoka bila kuulizwa maswali.

MwalimuRau (Moshi)

Asanteni mno, nimechapa kila kitu. Yamebaki mawili. Vipindi vya kwanza viwili vitatosha kweli? Na daraja likishindwa kabisa kuungana katikati, nifanye nini na kundi hilo wakati wengine wanapima ndoo zao? Halafu alama: nitoe kwa kilo?

FundiKenchi (Sakina, Arusha)

Vitatosha kama mirija imekauka na vipande vimekatwa tayari siku moja kabla, baada ya mkutano wa kwanza wa wajumbe. Kwa hiyo mkutano huo nao utoke nje ya vipindi, uwe wakati wa kukata. Dakika 80 za siku ya kwanza: 15 mfongo, 10 mraba wa boksi, 55 nusu za madaraja pamoja na mkutano wa pili. Siku ya pili: mkutano wa tatu dakika 5, katikati 25, ndoo 15, mjadala 35. Usikubali ndoo iumeze muda wa mjadala.

Kundi lisilounganika lisipewe vipande vipya papo hapo. Wapime pengo kwa rula moja, milimita kwa milimita, waandike, halafu warudi kwenye karatasi ya kwanza waliyosaini watafute ni neno gani halikuandikwa. Wakilipata wanaruhusiwa mirija ya akiba: pengo likizidi, kipande kirefu kuliko sm 20; nusu zikigongana, kifupi kuliko sm 20. Pembetatu ya katikati haitakuwa sawa pande zote na itabeba pungufu, lakini itabeba. Pima nalo ndoo kama mengine.

Msale (Kibosho, Moshi)

Alama kwa kilo usitoe, au zisizidi moja kati ya tano. Mimi ningegawa nyingi kwenye zile karatasi tatu za makubaliano: kilichoongezwa kwenye ya pili ambacho hakikuwa kwenye ya kwanza, na kilichoongezwa kwenye ya tatu. Karatasi ya tatu ikifanana na ya kwanza, hawakujifunza, hata daraja libebe ndoo mbili.

Zilizobaki, wape ng'ambo zote mbili alama moja ile ile. Watakuja kulalamika kwamba wenzao walizembea. Waambie waandike malalamiko hayo kama hoja, yenye ukweli waliouona, na wayapeleke kwanza kwa mjumbe wa ng'ambo ile kabla ya kuyaleta kwako.